Sebule ya Alhamisi

4 Machi

Mpwa wangu,

Nimekupigia simu mpaka yule dada wa mtandao anayesema hupokei tumeshazoeana. Akimaliza kusema namwambia asante. Nikaona nikuandikie. Barua haina kitufe cha kukata.

Tangu uondoke asubuhi ile baada ya mazishi hatujapata neno lako. Sikulaumu. Majirani wamesema kidogo, kwamba mjukuu aliyelelewa na bibi yake tangu anatambaa amemzika kama mpita njia, bila hata chozi. Waache. Wakikosa mtu wa kumsema wataisema mvua.

Nyumba ipo. Chumba cha Mama nimekifunga, ufunguo ninao mimi. Miwani yake bado iko juu ya redio. Sijui mtu hufanya nini na miwani ya mtu mwingine.

Sasa sababu ya barua. Alhamisi iliyopita, mnamo alasiri, nikiwa karakanani kwangu nyuma ya nyumba, nilisikia hodi. Nilipofungua nilimkuta Mama Ndoo, yule muuza ndoo na mabeseni wa sokoni, akiwa pamoja na Afande, polisi mstaafu, mtu mwenye heshima zake, na wengine watatu wanne. Hawakutoa maelezo yoyote. Waliingia, wakavua viatu, wakakaa kila mmoja mahali pake kama walivyokaa kila Alhamisi Mama alipokuwa hai. Kiti chake wakakiacha. Walikaa hivyo kimya, na jua lilipoanza kupoa wakaondoka.

Mimi nilirudi karakanani. Nilikuwa na kochi la watu la kumalizia.

Mama yako mkubwa anasema sebule ipangishwe. Mlango wake unafungukia barabarani, inafaa kinyozi au duka. Unasemaje? Wewe ndiye uliyekulia ndani ya sebule hiyo.

Kula vizuri.

Mjomba wako,
Fundi


15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua nimeipata. Mwandiko wako umenyooka siku hizi, na umeanza kusema "mnamo alasiri" kama mtu anayetoa maelezo kituoni.

Mimi sijambo. Kazi ipo. Hapa hotelini wageni ni wengi na mashuka hayaishi. Nimewekwa kwenye mashine ya roli ya kupigia pasi. Sisi wawili tunaingiza shuka upande huu likiwa na unyevu, wenzetu wawili wanalipokea upande ule limekauka na limenyooka. Ukilivuta vibaya linaingia mkunjo, na mkunjo ukishapita kwenye moto hautoki mpaka lifuliwe upya. Kelele ni nyingi, hakuna anayeweza kuzungumza na mwenzake. Inanifaa.

Kuhusu watu wa Alhamisi, waambie Bibi hayupo. Labda wanaona aibu kuwa wa kwanza kuacha kuja. Sebule ipangisheni. Mwambie Mama Mkubwa sina neno.

Simu huwa naiona ikiita. Naiangalia tu mpaka inyamaze. Si kwamba nakukwepa wewe.

Miwani, hata mimi sijui.

Mpwa wako


27 Machi

Mpwa wangu,

Nimenunua kalamu mpya, ndiyo imenyoosha mwandiko. Tuendelee.

Nilifanya ulivyosema. Nilisimama mlangoni nikawaambia, jamani, Mama hayupo. Mama Ndoo aliniangalia kama nimemwambia maji yanalowesha. Akasema, "Fundi, si tulikuwa wote makaburini? Mimi ndiye niliyekushika usianguke. Sogea tupite." Nikasogea.

Basi safari hii nilikaa nao. Unakumbuka alivyokuwa akifanya. Anamgeukia mtu anamuuliza, "Una nini?" halafu ananyamaza mpaka mtu amalize, hata kama mtu atamaliza chai ikiwa imeshapoa. Kisha sala fupi, kwa sababu alisema Mungu si kiziwi na haya mambo hakuanza kuyasikia leo. Wakasema ya kwao. Mama Ndoo ana mwanawe ambaye harudi nyumbani, Afande ana usingizi unaomkimbia. Walipomaliza wote wakanitazama mimi.

Mimi, mpwa wangu! Unajua tangu tumzike mke wangu sijaweka mguu kanisani. Mama hakunisukuma hata siku moja. Alisema tu, "Sawa baba, nitaomba kwa niaba yako mpaka utakapopata nafasi." Kama mtu anayekushikia foleni. Sasa aliyenishikia foleni ameondoka, na mimi sijui hata dirisha liko wapi.

Nikawaambia sijui kuomba. Wakasema haya. Wakavaa viatu, wakaondoka, na Alhamisi iliyofuata wakarudi.

Mama Mkubwa amempata mtu wa duka la simu anayeitaka sebule. Mimi bado sijasema ndiyo. Watu wa Alhamisi wanakuulizia sana. Wanauliza utakuja lini.

Mjomba wako,
Fundi


6 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimeona mnakonivutia. Pale makaburini, kabla hata udongo haujasawazishwa, wanawake walinishika mabega mmoja baada ya mwingine wakaniambia, sasa wewe ndiye Bibi, wewe ndiye utakayeshika nafasi yake. Nikaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama. Sasa na wewe unaniandikia wanauliza utakuja lini. Siji, Mjomba. Mtafuteni mwingine.

Nikwambie kitu ili usinifikirie vibaya. Mpaka darasa la nne nilikuwa nakojoa kitandani. Bibi alikuwa anaamka kabla ya watu, anafua shuka, halafu analianika mbele ya nyumba. Si uani, mbele kabisa, panapopita watu. Jirani akiuliza, anamjibu kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Ni mimi. Uzee huu, kibofu kimelegea." Barabara nzima ilijua kwamba mzee wa kanisa anakojoa kitandani. Wakamcheka, akacheka nao. Mimi hakuwahi kuniambia acha, wala usirudie. Ikifika saa ya kulala aliniwekea mkono kichwani, akaniombea, akaniita Mwenzangu, akazima taa.

Yote hayo nayakumbuka, hadi harufu ya ile sabuni. Na hayanigusi. Nayakumbuka kama nimesimuliwa habari za mtoto wa watu. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu? Unauona ni wako, unaubonyeza, hakuna kitu. Basi mimi niko hivyo mwili mzima. Sasa mtu wa namna hiyo mtamweka kwenye kile kiti awaulize watu wana nini?

Kanisani siendi. Naogopa nitasimama na watu niimbe na maneno yatoke sawasawa, na ndani pawe vilevile.

Kazini tuko vizuri. Nimeongezewa zamu, kwa hiyo nikichelewa kujibu ujue ni hilo.

Mpwa wako


2 Mei

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, nitasema na kumaliza.

Mjomba wako hajakwambia na amenikataza nisikwambie, lakini mimi ndiye dada yake mkubwa na sijawahi kukatazwa kitu na yule. Wiki ile ile uliyoondoka alipata kiharusi. Alikuwa anakata kitambaa cha kochi, mkasi ukamtoka mkononi, na yeye akaufuata chini. Mkono wa kulia haufanyi kazi. Mguu anauburuta. Karakana imefungwa tangu siku hiyo, hakuna kochi wala stuli. Hizo barua unazopata anaandikiwa na yule polisi.

Anatakiwa mazoezi ya viungo hospitalini, na dawa. Ndiyo maana nataka sebule ipangishwe. Najua mnasema mimi nina roho ngumu, lakini mwenye roho ngumu ndiye anayepanga foleni ya dawa asubuhi, wenye roho laini wanaandikiana barua.

Mjomba wako hataki. Anasema watu watakaa wapi Alhamisi. Nimemwambia watu wana makwao. Na nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku hizo sebule ikijaa, mimi nilikuwa jikoni nawachemshia chai. Mama alikuwa na muda wa kumsikiliza kila aliyepita barabarani. Mimi binti yake hakuniuliza nina nini. Labda aliniona mzima. Kwa hiyo nikiitazama sebule ile sioni mnachokiona nyinyi, naona vikombe vya kuosha.

Mtu wa duka nimemwomba asubiri kidogo. Piga simu, au andika, au njoo. Na nilipiga kule hotelini kwako nikuulizie. Wamesema hawajakuona siku nyingi. Una nini?

Mama yako mkubwa


8 Mei

Mjomba,

Kwa nini hukuniambia.

Na wewe Afande, kama ni wewe unayemsomea hii, kwa nini hukuniambia.

Sina haki ya kuuliza, najua. Mimi pia sikusema kweli. Hakuna zamu niliyoongezewa. Asubuhi moja nilikaa ukingoni mwa kitanda nivae viatu niende kazini, na mpaka mchana nilikuwa nimevaa kimoja. Kesho yake sikujaribu hata hicho kimoja. Msimamizi alimtuma mwenzangu wa kwenye roli aje kuniangalia, akagonga, nikamsikia, sikufungua. Akaacha mkate mlangoni. Nikauacha ukakauka.

Nimesoma barua ya Mama Mkubwa kuhusu mkono wako. Nilitegemea nitashtuka. Nimekaa nimeishika nikingoja nishtuke.

Mpwa wako


16 Mei

Mpwa wangu,

Afande anaandika, mimi nasema. Hatuna tena cha kuficha. Yale maneno "mtu mwenye heshima zake" katika barua ya kwanza aliyaongeza mwenyewe, nimeyajua juzi aliponisomea nakala. (Nakiri. Mwandishi.)

Sikukwambia kwa sababu ungekuja mbio. Ungenifunga vifungo vya shati, ungenipikia, ungeosha nyumba hadi darini, na ungekuwa umepata kazi nyingine ya kukufanya usikae chini. Nilitaka uje kwa sababu yako mwenyewe, au usije.

Jambo la pili umelielewa vibaya, na kosa ni langu, nilisema nusu. Hakuna anayekutaka uwe Mama. Mama hakuwa nafasi ya kazi ambayo sasa iko wazi. Wanauliza utakuja lini kwa sababu ulikuwa unatambaa chini ya viti vyao ukiwavuta vidole vya miguu. Basi, ni hilo tu.

La tatu ni refu kidogo. Kaa vizuri.

Mama yako alipofariki ulikuwa hujaanza kusimama. Mama hakulia. Nadhani hili hukuambiwa. Alizika mtoto wake na macho makavu, akarudi nyumbani, akakuogesha, akapika. Watu walisema ni imani, angalia mwenye imani anavyobeba msiba. Miaka mingi baadaye tulikuwa uani tunamenya viazi, nikamwambia, Mama, mimi sina imani yako, mke wangu amekufa nami sisikii kitu, sina hata la kumwambia Mungu. Akacheka kidogo. Akaniambia hata yeye wakati ule hakusikia kitu. Mwaka mzima alisali kama mtu anayefua nguo za watu. Hakuna raha, hakuna wa kumwitikia, mikono inakwenda tu. Nikamuuliza, sasa kwa nini hukuacha? Akaendelea na kiazi chake. Akasema, "Nguo zilikuwa zinatakata."

Na Alhamisi zilianza hapo. Mama yako alifariki Alhamisi. Ikawa siku hiyo ikifika Mama hawezi kukaa peke yake ndani na wewe unalia. Akafungua mlango wa mbele amwite yeyote atakayepita, aje akae naye tu. Aliyepita alikuwa Mama Ndoo, binti mdogo wakati huo, ndoo kichwani. Mama alimuuliza "una nini" ili asiulizwe yeye. Aliniambia hivyo kwa mdomo wake. Yule binti akashusha ndoo akaanza kueleza, akaeleza mpaka jioni, na Alhamisi iliyofuata akaja na mwenzake. Watu wakaona ni utakatifu. Labda baadaye ulikuwa. Mwanzoni alikuwa ni mtu mmoja asiyesikia kitu ameacha mlango wazi.

Kwa hiyo sikukuhesabu kuwa umemkosea. Pale makaburini, nikikutazama na macho yako makavu, nilimwona yeye.

Mkono bado. Ila asubuhi nikiuweka chini ya bomba vidole viwili vinajua kuwa maji ni baridi. Mtaalamu wa mazoezi anasema tungoje.

Mjomba wako,
Fundi

(Imesomwa kwake naye amekubali kuwa ni maelezo yake. Mimi nami naongeza: mkate ule ungeula, dada. Afande.)


3 Juni

Shikamoo Mama Mkubwa,

Hongera ya mjukuu uliyemfuata kwa binti yako. Natumai mama na mtoto wanaendelea vizuri na kwamba utarudi nyumbani umepumzika, ingawa nakujua, utakuwa umefua nepi za mtaa mzima.

Uliniuliza nina nini nikakaa mwezi bila kukujibu. Nisamehe. Sikuwa na jibu, na bado ninalo nusu tu.

Alhamisi iliyopita nilikwenda nyumbani. Sikumwambia mtu. Niliingia wakiwa wameshakaa, nikavua viatu, nikakaa karibu na mlango kama mgeni. Hakuna aliyepiga kelele wala kunikumbatia. Mama Ndoo alisogeza mkoba wake ili nipate pa kuweka mgongo. Mjomba alikuwa kwenye kochi, si kwenye kiti cha Bibi, mkono wake ameulaza juu ya mto. Amekonda, Mama Mkubwa. Hukunidanganya.

Zamu ikanifikia. Mama Ndoo ndiye aliyeniuliza. Nikasema, "Sina kitu. Yaani sisikii kitu, tangu siku ile." Nilidhani wataanza kunitia moyo. Mama Ndoo akasema, "Haya, tumesikia," akamgeukia anayefuata. Sijui kwa nini, lakini nilipumua.

Kisha Mjomba akaomba. Ni kweli. Nadhani hata wenyewe hawakutegemea, maana Afande alikuwa ameanza kutafuta kofia yake. Mjomba alifumba macho akasema, "Mungu, ni mimi, mtoto wa yule mama wa Alhamisi." Halafu akapotea. Akamwombea Mama Ndoo apate usingizi na mwana wa Afande arudi nyumbani, Afande ambaye hana mtoto. Akagundua amechanganya, akaomba radhi, akaanza upya. Alipofika mwisho hakujua pa kutokea. Akawa anasema na... na... na... mpaka Afande akasema "Amina" kwa sauti ya mtu anayefunga jalada. Wakacheka wote. Na mimi sauti ya kucheka ikanitoka, nikageuka kutazama ni nani.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nikuandikie wewe kabla ya mtu mwingine. Tulipokuwa tunavaa viatu Mama Ndoo aliniuliza goti lako la kushoto linaendeleaje. Nikamuuliza amelijuaje. Akanishangaa. Alisema Bibi kila Alhamisi kabla ya kumwombea yeyote alianza na wewe. "Kwanza mwanangu mkubwa aliye jikoni, anayebeba sana na hasemi." Kila Alhamisi, miaka yote. Goti lako wanalijua. Ile kesi ya kiwanja wanaijua. Wanajua ulivyohangaika na mimba ya huyo huyo binti yako, na nilipowaambia amejifungua salama walipiga makofi. Wewe ulikuwa upande wa pili wa ukuta unachemsha chai. Nilimuuliza kwa nini Bibi hakukuita ukae. Mama Ndoo alisema walimuuliza hivyo hivyo, na Bibi aliwajibu kwamba wewe ukiulizwa unachukia, kwa hiyo anamuuliza Mungu. Sikuandikii ili nimtetee. Naona alikosea. Angekuuliza.

Kuhusu sebule. Ulichosema ni kweli, Mjomba anahitaji matibabu na maneno matamu hayanunui dawa. Naomba mpangishe chumba changu, kile cha uani. Kina mlango wake na kina dirisha. Vitu vyangu vitie kwenye maboksi, vingine gawa. Nikija nitalala kwenye kochi, na kwa makochi hatujambo. Karakana nayo Mjomba mwenyewe amekubali kumwachia fundi mwenzake mpaka atakapoona mkono unasemaje. Tumeongea naye, hakununa sana. Mtu wa duka la simu mwambie asante.

Na ukirudi, Alhamisi usiende jikoni. Chai Afande anaweza, nimemwona. Hata kama hutaki kusema kitu, kaa tu.

Sijalia bado. Watu wakikuuliza waambie bado. Jumatatu narudi kazini, msimamizi amekubali, nadhani kwa sababu amekosa mtu wa kuvumilia ile kelele. Usiku nasema ile sala ya Bibi ya kuzima taa. Haina ladha yoyote. Naisema hivyo hivyo.

Lakini nilipofika kituo cha basi siku ile nilisikia kitu tumboni nikadhani naanza kuumwa. Nilikaa kwenye benchi na mkoba wangu mapajani. Ilinichukua muda kujua kuwa ni njaa. Njaa tu, Mama Mkubwa, kama ya watu. Nikanunua yai la kuchemsha nikalila nimesimama, na kabla halijaisha nikaomba jingine. Yule muuzaji akalimenya, akalipasua katikati, akalinyunyizia. Nikaliweka mdomoni, na nikasikia chumvi.

Mwanao